Mbao Ulizonitumia Ziko Madirishani Makobola

Kilibula, Uvira,
Jumapili, tarehe 25 Agosti 2024

Mpendwa mwanangu Luc,

Nakusalimu kwa mkono uleule uliokufundisha kushika penseli. Hamjambo huko Lubumbashi? Je, mgongo wa mkeo, mama Noella, umepata nafuu, au bado anainuka kitandani kwa kushika ukuta? Watoto je? Nasikia mwezi huu kwenu asubuhi ni baridi na mchana ni vumbi. Mfunike yule mdogo kifua.

Sisi huku tupo. Dada yako Sidonie, ninayekaa kwake, ni mzima, anauza unga wake pale barazani na kugombana na wateja wake kama kawaida. Ziwa limeanza kushuka, na watu wa chini wanarudi kusugua matope ukutani.

Kuhusu mimi, sitakudanganya. Miguu imevimba na silali tena chali, nalala nimeegemea mito kama abiria. Daktari wa Lemera alisema moyo wangu umekuwa mkubwa kupita kiasi. Sidonie akamjibu, "Docteur, huo moyo ulikuwa mukubwa tangu zamani, ndiyo maana sukari haikai mu hii nyumba." Tulicheka, lakini nilielewa. Sidhani nitakula Krismasi pamoja nanyi.

Nimechagua barua badala ya simu kwa sababu kwa simu pumzi yangu inaisha kabla ya salio la unité. Tena kwa simu ungenikata kauli. Kwa barua itakubidi unisikilize mpaka mwisho. Candide, binti wa jirani yetu, anapanda meli kesho kwenda Kalemie na kisha kwenu, kuanza masomo. Yeye atakukabidhi barua hii pamoja na kifurushi kidogo, kizito kuliko ukubwa wake. Tafadhali usikifungue kabla ya kumaliza kusoma.

Luc, zile mbao za libuyu ulizonitumia kwa ajili ya sanduku langu la kuzikiwa hazipo tena juu ya dari ya Sidonie. Nimezipasua. Ziko Makobola, kwenye madirisha ya shule, zinawakinga watoto jua na kuwapitishia upepo.

Sikukuomba ruhusa. Nilijua ungekataa, na nilijua kwa nini ungekataa. Na wakati wa Pasaka uliponiuliza kwa simu kama mchwa hawajagusa mbao, nilikujibu, "Mwanangu, hakuna mchwa hata mmoja aliyezigusa." Lilikuwa neno la kweli lililosemwa ili kudanganya, maana siku hiyo mbao zilikuwa tayari kwa fundi. Nilipomweleza padri jambo hili katika maungamo, alisema, "Mwalimu, dhambi hii ina mwenyewe. Mwandikie kwanza." Basi nakuandikia.

Najua nimegusa kidonda. Marehemu kaka yangu, baba yako, tulimzika wakati wa vita akiwa amefungwa katika shitingi ya plastiki, kwa haraka, bila ubao hata mmoja. Ulikuwa kijana, ulishika upande wa miguu. Ulipopata kazi ukaapa kwamba baba yako mdogo hatalala namna ile, na ukatuma mbao nyingi kama mtu anayejenga nyumba. Sijasahau. Ndiyo maana nataka ujue sawasawa kilichonifanya nizishushe.

Mwezi wa kwanza nilikwenda Makobola kwenye misa ya kumaliza matanga ya rafiki yangu. Nikitembea, pumzi ikanikatalia mbele ya shule. Mwalimu Eliane, yule binti tuliyekuwa tunakaa naye jirani zamani, akanishika na kunikalisha darasani kwake, benchi la mwisho.

Ilikuwa kama saa nne. Mwanangu, ndani ya lile darasa mlikuwa na joto la chungu kilichofunikwa. Mashati ya watoto yamelowa mgongoni. Msichana mmoja, jina lake Keza, amelala juu ya daftari mdomo wazi, na hakuna aliyemwamsha, maana wengine nao walikuwa nusu usingizini. Mtu mwenye ugonjwa wa pumzi anaijua hewa kama mlevi anavyojua pombe. Niliitafuta sikuiona. Madirisha yote ya upande wa ziwa yalikuwa yamezibwa kwa makaratoni.

Nikamwambia, "Eliane, fungua basi hayo madirisha."

"Baba, nikifungua jua linaingia mpaka kwenye tableau ya kuandikia. Batoto habaone kitu, banafunga macho tu."

"Ondoa moja nione."

Akaondoa. Upepo wa ziwa ukaingia, mtamu, ukageuza kurasa za daftari. Na jua likaingia pamoja nao, likawapiga watoto usoni hata wakainua mikono kama watu wanaotishwa kwa fimbo. Akarudisha karatoni.

Hapo nilielewa ugonjwa wa ile shule. Kwetu jua linatokea upande wa ziwa, na upepo wa mchana unatokea upande huohuo. Vyote viwili vinapita mlango mmoja. Ukimfungia mgeni mbaya, umemfungia na yule mzuri. Walioijenga walifikiria mvua tu, na kwa mvua walifanya vizuri. Hata nyuma, upande wa mlima, waliacha matundu ya claustra, matofali yenye vitobo, chini ya paa, mahali ambapo hewa moto ingetokea kama kungekuwa na hewa mpya ya kuisukuma.

Unajua mimi nimefundisha dessin, michoro ya ujenzi, maisha yangu yote. Nimechora hospitali ambazo hazikujengwa na madaraja ambayo wanafunzi wangu walipata alama nzuri kwayo. Lakini nikiwa pale kwenye benchi nilijiambia kwamba kuna mchoro mmoja bado sijauchora, na kwamba nitauona umesimama kabla sijafunga macho. Tangu siku hiyo sijabadili nia.

Wachoraji wanakiita kifaa nilichokifikiria brise-soleil, kizuia jua. Ni safu ya vibao vilivyolala kimoja juu ya kingine mbele ya dirisha, vimeinamishwa kuelekea nje, ili jua ligonge mgongo wa ubao na upepo upite katikati. Watoto wa Makobola hawakulipenda jina hilo. Waliposimama nje wakaangalia, wakakiita mbavu. Nami sasa nasema mbavu.

Usidhani nilifanikiwa mara moja. Kwanza nilijaribu matete, maana yapo ya bure kandokando ya ziwa. Mbuzi wakayavuta usiku wa kwanza. Kisha nikajaribu vipande vya bati. Jua la asubuhi likavichoma, na upepo uliopita katikati yake ukaingia darasani umepashwa moto kama umetoka jikoni. Keza akaniambia bila kuficha, "Tate, rudisha karatoni." Niliona haya, lakini nilifurahi kwamba safari hii alikuwa macho.

Zilihitajika mbao. Tena mbao zilizokauka kweli, zisizojipinda, maana ubao mbichi ukiinamishwa juani unajikunja kama ngozi ya mbuzi na mstari wote unaharibika. Wazazi walikuwa na mikaratusi iliyokatwa juzi. Ingehitaji kukaa kivulini muda ambao mimi sina.

Nami kila asubuhi nilikuwa naamka nimeegemea mito yangu, naangalia juu, na juu ya kichwa changu zimelala mbao za libuyu, kavu, nyekundu, nzuri, zinanisubiri. Nilivumilia siku chache. Halafu nikamwita fundi Térence Ndayiragije, yuleyule uliyempa kazi ya sanduku.

Akasimama chini ya dari, akajikuna. "Mwalimu, hizi mbao minye nilizipima ku urefu yako."

"Sasa zipime kwa urefu wa dirisha."

"Na Luc?"

"Luc ni wangu. Weye ni wa msumeno."

Akafanya ishara ya msalaba kabla ya kupasua, nami nikafanya pia.

Kosa langu la kwanza lilikuwa la kitoto. Nilibananisha mno vibao na kuvipigilia ukutani kabisa. Jua halikuingia, na upepo nao haukuingia. Nilikuwa nimetengeneza giza. Zaidi ya hapo, joto la zile mbao lilipanda likiwa limebanwa na ukuta, likageukia ndani. Tukavitoa. Tukasimamisha fremu nje ya ukuta, mbali nao kwa urefu wa mkono mpaka kiwiko, ili joto la mbao lipande zake juu na kuondoka. Chini tukaacha wazi, usawa wa benchi. Jua linalopita pale linaishia miguuni, lakini upepo unaopita pale unawafikia watoto walipokaa.

Kupima nilitundika unyoya wa kuku kwenye uzi, juu ya benchi la mwisho. Unyoya ukilala, hakuna hewa. Ukicheza, hewa ipo. Siku ya kwanza ulicheza vizuri mno, watoto wote wakageuka kuuangalia wakaacha hesabu, na Eliane akanitazama kwa jicho la kunifukuza.

Sasa sikia kosa la pili, nawe ucheke kidogo kabla hatujafika penye uchungu. Nilikuwa nimeviinamisha vibao kidogo tu, karibu vilale. Jumatatu moja Eliane akanipigia simu. "Baba, kuya haraka, darasa inanuka, na pisi ziko ndani zinasoma na batoto." Nikapelekwa kwa pikipiki, Sidonie akinishikilia kwa nyuma na kunilaani. Nikakuta paka chini ya mabenchi, na mbavu zangu zimejaa ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa, kutoka juu mpaka chini. Wamama wanaokausha samaki ufukweni walikuwa wameona vibao vinavyopigwa na jua na kupitiwa na upepo chini na juu. Wakaelewa kazi yake kuliko nilivyoielewa mimi.

Kiongozi wao anaitwa mama Josée. Alikuja kunishukuru, mikono imejaa magamba.

"Mwalimu, Mungu akubariki! Iko muzuri kupita tanda zetu za kuanikia. Samaki inakauka mbele ya saa sita."

"Mama, hili ni darasa."

"Siku ya posho na siku ya Mungu batoto habasome. Tuiache bure?"

"Leo si Jumamosi wala Jumapili, ni Jumatatu!"

"Eh, muzee, leo tulichelewa kuitoa. Usikasirike, utakufa mbele ya siku yako."

"Siku yangu naijua, mama Josée. Toa samaki."

Walitoa, wakiimba jina langu kwa utani. Lakini walinifundisha. Vibao vilikuwa vimelala mno, na kama vinashika samaki, vinashika pia vumbi na maji ya mvua. Térence akaviinamisha zaidi, mpaka ndagala iteleze ianguke. Na tazama, kwa mwinamo huo tukaweza kuviachanisha zaidi, jua bado likazuiwa, na upepo ukaongezeka. Wale wamama tuliwachorea tanda lao wenyewe, pembeni, na waume zao wakalijenga. Sasa wanakausha huko, na wao ndio wanaofukuza mbuzi shuleni.

Mwezi wa sita, kabla ya likizo, nilikaa tena benchi la mwisho, saa nne. Karatoni hakuna. Unyoya unacheza. Keza amenyoosha mkono kujibu swali, akajibu vibaya, akanyoosha tena. Luc, nilikaa pale mpaka kengele, na kwa mara ya kwanza mwaka huu nilivuta pumzi mpaka chini bila kuhangaika.

Mbao zako zimetosha madarasa mawili, yale yanayochomwa zaidi. Wazazi wanakausha mikaratusi yao kivulini kwa ajili ya mengine, na michoro nimewaachia ukutani kwa Eliane.

Penye uchungu ni hapa. Binamu yako Pierre alipogundua, alikuja kwa Sidonie amevimba. Alisema mbele ya watu, "Muzee, weye unataka tukuzike sawa kuku? Batu ba Fizi batasema nini juu yetu? Siku utafunga macho, minye napanda Makobola na tournevis, nakongoa ubao wote, nakutengenezea sanduku yako."

Nikamwambia, "Bisibisi haitakusaidia, niliweka boulons za nati."

"Nitaleta clef!"

"Leta na ngazi, maana ukianguka sanduku litakuwa lako."

Watu walicheka, yeye hakucheka. Pierre si mbaya, Luc. Ananipenda kwa namna yake ya kelele, naye anaona haya mbele ya majirani. Atafanya alivyosema. Kwa sababu mbao ni zako, na wewe ni mtoto wa mkubwa wetu, hakuna mwingine duniani ambaye neno lake litamsimamisha. Mimi nitakuwa nimenyamaza.

Na akizikongoa, hazitapotea mbao zile tu. Huko Makobola baadhi ya wazazi wameanza kunong'ona kwamba watoto wanasomea kwenye mbao za maiti. Mmoja alimtoa mtoto wake, kisha akamrudisha. Wakiona siku ya mazishi yangu mbao zinang'olewa na kurudishwa kaburini, watasema kweli zilikuwa zinamdai mwenyewe. Ile mikaratusi itakuwa kuni, na makaratoni yatarudi madirishani.

Kwa hiyo sikuombi unisamehe ili nife na raha. Ukinisamehe, nitashukuru. Usiponisamehe, nitaelewa, nami nitabeba. Ninachokuomba ni neno moja kwa Pierre, kwa simu, kwa sauti yako, kabla sijaondoka: mbao zibaki. Shule inafungua mwanzo wa mwezi ujao, na nataka watoto waingie wakizikuta.

Usihangaike kutuma nyingine. Térence amekwisha kunitengenezea sanduku la mbao nyepesi, limesimama nyuma ya mlango na Sidonie anawekea ndani vifuko vya unga, panya wasifike. Nimelijaribu, linanitosha. Baba yako alilala katika shitingi na sijaona alale vibaya. Kilichomdhulumu baba yako ni vita, haikuwa ukosefu wa ubao. Hilo nilitaka nikuambie tangu zamani na nilikosa mlango wa kuingilia.

Sasa fungua kifurushi. Ni clef, ile spana inayoingia kwenye boulons za mbavu. Najua Pierre anaweza kununua nyingine sokoni kwa bei ya chupa mbili za bia. Lakini akisikia kwamba ile ya kazi imo mikononi mwako, mkono wake utakuwa mzito.

Utakapokuja kunizika, na najua utakuja, usifikie kwanza Kilibula. Pita Makobola. Fika saa nne, siku ya masomo, ukae benchi la mwisho chini ya unyoya. Ukiuona umelala, na watoto wamelala, basi nilikosea, na mbao ni zako: fungua boulons kwa mkono wako na unizike nazo. Ukiuona unacheza, mpe Eliane clef. Boulons hulegea kila baada ya masika, na lazima awepo mtu wa kuzikaza.

Nisalimie mama Noella na watoto wote, yule mdogo umbusu kwenye paji. Msalimie pia rafiki yako yule wa mgodini aliyenitumia kofia. Sidonie anakusalimu na anauliza lini utamrudishia sufuria. Mama Josée, ambaye hakujui, ananiambia nikuandikie kwamba ukifika kuna ndagala zako, zilizokaukia mahali pake.

Mungu wa baba zako akufungulie madirisha pande zote za nyumba yako, na pumzi isikupungukie wewe na uzao wako.

Ni mimi nikupendaye, na nisiyekuficha tena kitu,

Baba yako mdogo,
Mwalimu Hatungimana